Rufaa za pensheni za vita si za wazee wa 1945 pekee
Wengi huamini kwamba mabaraza ya rufaa za pensheni za vita nchini Uingereza yalibaki kwa ajili ya wazee wa Vita Kuu ya Pili tu, hivyo yanakula fedha bila kazi. Ukweli ni kwamba pensheni hiyo humhusu yeyote aliyeumia au kuugua kutokana na utumishi jeshini kabla ya 6 Aprili 2005, hata kama hakufika vitani. Walioumia baadaye wana mpango wao wa fidia, wenye rufaa pia. Kwa kawaida shauri husikilizwa na jaji, daktari na aliyewahi kuwa jeshini. Mrufani halipi ada, na ndivyo inavyostahili. Ukisoma takwimu rasmi, tenganisha rufaa zilizopokelewa, zilizoamuliwa na zinazosubiri, kisha gawanya gharama za mabaraza kwa zilizoamuliwa, ili uone kila rufaa imegharimu kiasi gani.