Je, wajua kwa nini wapima sumu huomba nywele, mkojo na tone la damu?

Ukitaka kujua kama kabichi za Lushoto zimefika sokoni Tanga na mabaki ya dawa, unapeleka kabichi maabara. Ukitaka kujua hali ya Mto Pangani, unachota maji. Hiyo ni nusu ya kazi, tena nusu iliyo rahisi. Inayobaki ni kujua ni kiasi gani kimeshaingia ndani ya mtu, maana sumu haiji kwa mlango mmoja.

Chukua mtoto wa miaka mitatu pale Ngamiani, mjini Tanga. Madini ya risasi yanaweza kumfikia kwa vumbi la rangi ya zamani inayobanduka dirishani. Yanaweza kumfikia kwa wanja wa manga aliopakwa machoni, kwa kuwa baadhi ya wanja husagwa kutoka jiwe la galena, nalo ni risasi na salfa tupu. Yanaweza kutoka kwenye sufuria iliyosubiwa kwa vyuma chakavu, au kwa jirani mvuvi anayeyeyusha sahani za betri kuukuu za gari uani ili apate chubwi za mishipi yake. Kila kimoja ukikipima peke yake, pengine utasema ni kidogo, hakina neno. Kumbe mwili wa mtoto unavijumlisha vyote.

Ndiyo sababu wataalamu wa afya ya jamii humpima mtu mwenyewe. Huchukua kitu kidogo kutoka mwilini, wakatafuta kemikali au mabaki yake, kisha wakalinganisha na watu wengine. Mara huomba damu, mara mkojo, mara nywele, kwa kuwa kila kemikali ina njia yake mwilini. Ukiitafuta isikopita, utamwambia mtu yuko salama na sumu anayo.

Risasi hutafutwa kwenye damu. Humo haikai sana: baada ya kama mwezi mmoja nusu yake imeshaondoka, nyingine kwa mkojo, nyingine ikahamia mifupani, ambako hukaa miaka na miaka kwa sababu mwili huichukulia kama kalsiamu. Mwanamke akishika mimba, mifupa yake ikitoa kalsiamu kwa ajili ya mtoto, risasi ya siku nyingi nayo hutoka. Kwa mtoto mdogo, tone la kidoleni linatosha kuanzia. Lakini mpimaji anayeijua kazi yake kwanza humnawisha mikono kwa sabuni, akaikausha, akachoma, na tone la kwanza akalifuta. Vumbi kidogo tu likibaki kidoleni, namba itapanda na wazazi watatishika bure. Jibu likitoka juu, hurudiwa kwa damu ya mshipa. Marekani, tangu 2021, mtoto mwenye mikrogramu 3.5 kwa desilita moja ya damu huanza kufuatiliwa, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama.

Zebaki ndiyo inayowachanganya hata wasomi. Kule Handeni na Kilindi, wachimbaji wadogo huitumia kukamata dhahabu, kisha huichoma ili ipae na kuiacha dhahabu peke yake. Anayechoma huvuta mvuke, na zebaki ya namna hiyo hutafutwa kwenye mkojo. (Mkojo nao una hila zake. Kwa joto la Tanga mtu akinywa maji mengi, kila kitu huonekana kimepungua, kwa hiyo maabara hupima pia kreatinini, taka ya misuli inayotoka kwa mkojo, ili kujua mkojo umechujuka kiasi gani.) Mla samaki wa Pangani habari yake ni nyingine. Zebaki iliyomo baharini hugeuzwa na vijidudu kuwa ya aina nyingine, ikapanda kutoka samaki mdogo hadi mkubwa, ndiyo maana papa, jodari na nduwaro huwa nayo nyingi kuliko dagaa. Hiyo hujiandika kwenye nywele.

Nywele hukua takriban sentimeta moja kwa mwezi, kwa hiyo ukizikata vipande kuanzia kichwani unapata zebaki ya mwezi huu, ya mwezi uliopita, na kurudi nyuma. Irak, majira ya baridi ya 1971 kuingia 1972, ngano ya mbegu iliyotiwa dawa ya kuvu yenye zebaki iliishia kuwa mikate. Watu zaidi ya 6,000 walilazwa hospitalini na zaidi ya 400 wakafia humo. Kwa nywele za akina mama, watafiti waliweza kujua sumu iliingia mimba ikiwa na miezi mingapi.

Ningepewa nichague pa kuanzia mkoani kwetu, ningeanza na wapulizia dawa. Mkulima wa milima ya Usambara hubeba bomba mgongoni, dawa ikamchuruzikia shati, na jioni kichwa kinamgonga, macho yanamtoka machozi, jasho halikauki. Atasema ni malaria au ni uchovu. Dawa nyingi za wadudu za kundi liitwalo organofosfati huondoka mwilini kwa siku chache, lakini huacha zimedhoofisha kimeng'enya kiitwacho kolinesterasi, ambacho kazi yake ni kuzima ishara za neva zikishafika. Kisipozima, misuli na tezi hazipumziki. Kimeng'enya hiki hupimwa kwenye damu, ila watu wazima wenye afya njema hutofautiana sana, hivyo kipimo kimoja katikati ya msimu hakisemi kitu. Lazima mtu apimwe kabla msimu wa kupulizia haujaanza, kisha alinganishwe na yeye mwenyewe. Jimboni California, mpuliziaji ambaye kimeng'enya cha kwenye chembe zake nyekundu kimeshuka hadi asilimia 70 ya kiwango chake cha mwanzo huondolewa kwenye kazi ya dawa, na harudi mpaka kifike 80.

Je, namba hizi huwahi kubadili sheria? Huwahi. Marekani ilipima damu za maelfu ya watu kati ya 1976 na 1980, wakati risasi ikipunguzwa kwenye petroli, na wastani wa risasi damuni ukashuka kwa asilimia 37 hivi. Serikali ilikuwa inafikiria kulegeza masharti. Baada ya kuona takwimu hizo ikayakaza. Huku kwetu, nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliachana na petroli yenye risasi mwanzoni mwa 2006.

Ujerumani imekwenda mbele zaidi. Tangu miaka ya 1980 inahifadhi damu na mkojo wa watu kwenye baridi kali, ili kemikali itakayoshukiwa kesho itafutwe katika vichupa vya jana. Mwanzoni mwa 2024 ilitangazwa kwamba mkojo wa watoto wa chekechea nchini humo umekutwa na mabaki ya kilainisha-plastiki ambacho hakiruhusiwi. Kilipofuatiliwa, kikakutwa kama uchafu katika kemikali inayotiwa kwenye krimu za kukinga jua. Nani angewaza kupima krimu?

Kukutwa na kemikali mwilini si kuugua, na anayepimwa ana haki ya kuambiwa jibu lake na nini kifuate. Hapa Tanzania sheria ya usalama na afya kazini ya 2003 inamtaka mwajiri awapeleke wafanyakazi wake wakapimwe afya. Mwenye robo eka ya nyanya Lushoto hana mwajiri. Na dhahabu mara nyingi huchomwa nyumbani, kwenye kibati juu ya jiko la mkaa, mke na watoto wakiwa pembeni, nao hawamo katika orodha ya mwajiri yeyote.