Nessun dorma haukuwa wimbo rasmi wa Italia 90

Video za zamani za michezo, zile za mwendo wa polepole zinazosindikizwa na okestra, bado zinasambaa kwenye simu zetu, na nguvu yake haijapungua. Muziki umekaa juu ya picha vizuri kiasi kwamba mtazamaji huamini vilizaliwa pamoja. Mara nyingi sivyo. Kuna mtu alijifungia kwenye chumba cha kuhariri, akasikiliza, akachagua, akakata. Jina lake halitajwi popote, na kwa kuwa kazi yake haijulikani, maelezo yasiyo ya kweli yamejaza pengo hilo. Haya hapa baadhi yake.

"Pavarotti aliimba wimbo rasmi wa Kombe la Dunia 1990"

Hii ndiyo dhana inayoongoza kuhusu Luciano Pavarotti, mwimbaji wa opera wa Italia. Wimbo rasmi wa Italia 90 ulikuwa Un'estate italiana, ulioimbwa na Gianna Nannini na Edoardo Bennato, muziki wake ukiwa wa Giorgio Moroder. Nessun dorma, wimbo kutoka Turandot, opera ya mtunzi Mwitaliano Puccini, ulichaguliwa na BBC kufungulia matangazo yake kwa watazamaji wa Uingereza. Wala Pavarotti hakuingia studio kwa ajili ya mashindano hayo. Rekodi iliyotumika ilikuwa ya mwaka 1972, Zubin Mehta akiongoza okestra ya London Philharmonic.

Kilichofuata hakuna aliyekipanga. England walifika nusu fainali, wakatolewa na Ujerumani Magharibi kwa penalti mjini Torino tarehe 4 Julai, na machozi ya mchezaji wao Paul Gascoigne yakaungana na sauti hiyo kwenye kumbukumbu za Waingereza. Wimbo huo wa opera ulipanda hadi nafasi ya 2 kwenye chati zao za muziki. Tarehe 7 Julai, siku moja kabla ya fainali, Pavarotti alisimama na waimbaji wenzake wa opera, Plácido Domingo na José Carreras, kwenye magofu ya Caracalla, Roma, na tamasha lile likaufikisha wimbo kwa dunia nzima. Mkanganyiko kati ya wimbo wa BBC na wimbo wa mashindano ulipata nguvu hapo.

Kwetu kuna jambo la kuongeza. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994, na wengi walimfuata mshambuliaji Roger Milla na Kameruni yake kwa redio. Ukiona leo Milla anacheza kwenye kibendera cha kona huku Pavarotti akipandisha sauti, ujue mhariri ndiye aliyewakutanisha. Uwanjani haukusikika hivyo.

"Ni wimbo wa kusherehekea ushindi"

Ndani ya opera, anayeimba Nessun dorma ni Calaf, mwanamfalme ambaye jina lake halijulikani, usiku, mjini Peking. Amejibu mafumbo matatu ya binti mfalme Turandot, kwa hiyo ana haki ya kumwoa. Ila amempa binti mfalme nafasi: akilijua jina lake kabla ya kupambazuka, yeye Calaf atakufa. Turandot anaamuru mji mzima usilale mpaka jina lipatikane, na wasipolipata watauawa. Sikiliza vizuri sehemu ya katikati, pale wanawake wanapoimba kwa mbali. Wanasema hakuna atakayelijua jina lake, na wao, ole wao, itabidi wafe. Sekunde chache baadaye ndipo Calaf anatamba kwamba atashinda. Kwenye video nyingi sauti za wale wanawake hupita chini ya picha za watu wakikumbatiana na kurusha jezi. Mimi hunigusa kila nikizisikia, na naona zinastahili kusikilizwa angalau mara moja bila picha.

Hata ile noti ya juu ya mwisho, inayosubiriwa na kila mtu, Puccini aliiandika fupi sana. Kuivuta ni desturi ya waimbaji.

"Muziki wa video za zamani za NFL ni wa watunzi wa kale"

Ed Sabol alikuwa mfanyabiashara wa makoti aliyependa kamera. Alipata haki ya kupiga filamu ya fainali ya mpira wa Kimarekani ya mwaka 1962, na kampuni yake ikaja kuwa NFL Films, watengenezaji wa filamu za NFL, ligi ya mpira huo. Walitumia filamu badala ya video: mpira unazunguka taratibu angani, mikono yenye tope, pumzi za moshi kwenye baridi. Okestra inayosikika pale ni ya Sam Spence, Mmarekani aliyeishi Munich, aliyeanza kuwatungia katika miaka ya 1960. Alikuwa mtunzi kamili, na kumpa sifa zake mtu wa karne ya 19 ni kumdhulumu. Mara chache alichukua wimbo wa zamani na kuupanga upya, kama alivyoufanya wimbo mmoja maarufu wa mabaharia.

"Wimbo wa Ligi ya Mabingwa ni wa Handel"

Kila banda umiza hutulia unapopigwa. Uliandikwa na Tony Britten mwaka 1992. Aliazima kutoka Zadok the Priest, kazi ambayo Handel aliitunga kwa ajili ya kutawazwa kwa Mfalme George II mwaka 1727. Maneno yake si ya Kilatini: ni Kiingereza, Kifaransa na Kijerumani.

"Bolero iliwekwa baadaye juu ya Torvill na Dean"

Hapa muziki ulitangulia. Tarehe 14 Februari 1984, kwenye Olimpiki ya majira ya baridi mjini Sarajevo, Waingereza hao wawili waliteleza kwenye barafu wakiufuata Bolero, muziki wa mtunzi Mfaransa Ravel, uliofupishwa. Bado ulizidi muda unaoruhusiwa, basi wakaanza wakiwa wamepiga magoti, kwa kuwa saa ilihesabu kuanzia kiatu kinapogusa barafu. Majaji wote tisa waliwapa 6.0, alama ya juu kabisa, kwa usanii.

"Muziki wa kiklasiki ni bure"

Kwa sheria za Tanzania na Kenya, haki ya mtunzi hudumu maisha yake na miaka 50 baada ya kifo, kwa hiyo noti za Handel, aliyefariki 1759, ni za wote. Rekodi ni jambo jingine: ina haki zake, za wapigaji, mwimbaji na kampuni, na picha za mechi nazo zina mwenyewe. Ndiyo maana video yako huzimwa sauti mtandaoni hata kama Beethoven amelala kaburini tangu 1827. Kwa upande wa sauti, tafuta rekodi ambayo wenyewe wameiruhusu itumike. Au nenda kwenye kwaya ya kanisa jirani inayoimba Haleluya ya Handel kila sikukuu, uombe ruhusa ya kuwarekodi, na uwataje majina mwishoni.