Kwa nini bomba la sensa linakukatalia wakati dumu la kukanyaga halikatai?

Ushawahi kusimama kwenye sinki la mall unapunga mikono chini ya bomba la sensa, lile linalojifungua lenyewe likihisi mkono, kama unasimamisha bodaboda, maji hayatoki, halafu jirani anakuja anaweka mkono tu yanamwagika? Mimi imenikuta mara kibao, nahamia sinki la pembeni najifanya ndo nilikuwa naelekea huko.

Kwanza tujue kwa nini mabomba haya ya sensa yalitengenezwa. Bomba la kawaida shida yake siyo kufungua, ni kufunga. Umetoka chooni mkono mchafu ukashika koki, ukanawa na sabuni vizuri kabisa, halafu unarudi kushika koki ileile uliyoichafua mwenyewe, na waliokutangulia nao waliishika hivyohivyo.

Sasa kile kidirisha cheusi kwenye shingo ya bomba, ndani kuna kitaa kinachotoa mwanga wa infraredi, jicho haliuoni ila ukielekeza kamera ya simu mara nyingi utaona kidoa cha zambarau, kama rimoti ya tivii. Mkono ukifika mwanga unagonga unarudi, sensa inaunasa, valvu, yaani kile kilango cha maji ndani ya bomba, inafunguka, ndo ule mlio wa "tik" unaousikia kabla maji hayajaja. Kwenye mabomba mengi valvu inakula umeme pale kwenye tik ya kufungua na ya kufunga tu, katikati hapo sumaku ndo inaishikilia, ndo maana betri 4 ndogo zinaweza kukaa hata mwaka.

Kwa hiyo likikugomea, mara nyingi ni betri zimekufa au kidirisha kimeganda povu na chumvi ya maji, kifute kwanza kabla hujalitukana. Glavu nyeusi nazo zinaweza kumeza mwanga usirudi. Na kinyume chake, sinki linalong'aa sana linaweza kurudisha mwanga lenyewe, bomba likamwaga maji na hamna mtu.

Ila usidhani bila kugusa ndo usafi umekamilika. Mwaka 2011 watafiti wa Johns Hopkins kule Marekani walipima mabomba ya hospitali yao, bakteria wa Legionella, wale wanaoleta nimonia, wakaota kwenye nusu ya sampuli za maji ya mabomba ya sensa, wakati ya kufungua kwa mkono ilikuwa asilimia 15. Walishuku zile valvu zenye vipuri vingi, wadudu wanapata pa kujificha. Wakaanza kuyang'oa.

Ndo maana mimi naheshimu sana kibuyu chirizi. Dumu la lita 5, tundu umetoboa na msumari wa moto, kamba kutoka shingoni mpaka kwenye kijiti chini, unakanyaga dumu linainama maji yanachirizika, sabuni inaning'inia pembeni. Hakina betri wala kidirisha, na mguu hata ukiwa mchafu haudhuru kitu. Kipindi cha korona 2020 mafundi welding wakaja na stendi za pedali 2, moja maji moja sabuni, na kule Bungoma, Kenya, mtoto wa miaka 9 akaunda ya mbao mpaka akapewa tuzo na rais.

Kinachonishinda ni mlango wa choo. Viwanja vya ndege vingi wameutoa kabisa, unaingia kwa kukata kona tu na hamna anayekuona. Huku kwetu umenawa vizuri, mlango unavutwa kwa ndani, kitasa kimelowa, kiwiko hakisaidii, basi nasimama pale na mikono juu nasubiri mtu aingie nichomoke.