Japani ilishasalimu amri kabla ya Hiroshima? Hapana

Watu wengi wanasema Julai 1945 Japani ilishakubali kusalimu amri ila Marekani ikapuuza ikapiga bomu la atomiki Hiroshima tu, hapana jamani, haikuwa hivyo. Kilichokuwepo ni telegramu kati ya waziri wa mambo ya nje Togo na balozi wake Moscow, Sato, wakitaka Stalin, kiongozi wa Usovieti, awasuluhishe na Marekani na ampokee Konoe, waziri mkuu wa zamani, kama mjumbe wa mfalme, wakati huyo Stalin alishaahidi kwenye mkutano wa Yalta na Marekani na Uingereza kuingia vitani dhidi yao. Sato alimbana bosi wake kwelikweli, lete masharti yanayoeleweka, akashauri wasalimu amri bila masharti ilimradi ufalme ubaki, Togo tarehe 21 Julai akakataa katakata. Na Wamarekani walikuwa wanazisoma hizo telegramu! Hata tarehe 9 Agosti, Hiroshima ishateketea na Wasovieti washaingia Manchuria iliyokuwa mikononi mwa Japani, wale wakubwa sita wa baraza la vita la Japani waligawanyika 3 kwa 3 kuhusu masharti ya kusalimu amri, watatu wanang'ang'ania majeshi ya kigeni yasiikalie nchi na silaha wazikusanye wenyewe. Sasa kama Marekani ingetamka mapema kwamba mfalme atabaki, hapo ndo kuna mjadala wa kweli, mi naona ilipaswa ijaribiwe.