Motisha si jina jingine la posho

"Motisha imetoka?" Swali hilo nalisikia kila mwisho wa mwezi kwenye famasi za hapa Dodoma, kwa watoa dawa wa maduka ya dawa muhimu na kwa wateknolojia dawa wa hospitalini. Anayeuliza anataka kujua kama malipo ya zamu za usiku yameingia. Juzi nimelikuta neno hilo kwenye tangazo la msimamizi mmoja: "Motisha ya zamu italipwa wiki ijayo." Nimeshindwa kunyamaza.

Motisha ni kile kinachomfanya mtu atake kufanya kazi na aifanye vizuri. Maana ni hiyo tu. Shida iko kwa majirani zake.

Posho ni neno la safari. Karne ya 19, misafara ya kutoka pwani kwenda Unyanyembe, eneo la Tabora ya leo, ilipita hukuhuku kwetu, ikipumzika Mpwapwa kabla ya kuvuka nyika ya Marenga Mkali na kuingia Ugogo. Mpagazi alipewa posho yake: chakula cha siku, au kitambaa na shanga za kukinunulia. Bila posho mzigo haukubebwa. Lakini hakuna aliyedhani kibaba cha nafaka kitamfanya mpagazi aupende mzigo. Njia hiyohiyo ilikuwa na hongo, ushuru ambao misafara iliwalipa watemi wa Wagogo ili ipite na ipate maji. Leo hongo ni rushwa. Jina la malipo likihama, linaweza kupoteza heshima yote liliyokuwa nayo, na ndiyo maana majina haya nayaangalia kwa makini.

Motisha yenyewe tuliikopa kwa Waingereza, ikafika na mwisho unaofanana na -isha yetu ya furahisha, pandisha na rudisha. Nadhani mfanano huo umetuponza. Sasa nasikia "tumewamotisha", kama vile hamu ya kazi hutiwa ndani ya mtu kama mafuta kwenye jenereta. Mimi napenda zaidi neno letu la siku nyingi, ari. Kwa Kiarabu, lilikotoka, ni aibu, fedheha. Sisi tukaligeuza likawa ile hali ya mtu kukataa kuaibika. Mtoa dawa mwenye ari humuuliza mama, "Nyumbani utaipima kwa kijiko gani?" hata kama foleni imefika mlangoni, kwa sababu hataki mtoto azidishiwe dawa iliyotoka mkononi mwake. Swali hilo halina posho.

Mwanasaikolojia wa Marekani, Frederick Herzberg, na wenzake walichapisha mwaka 1959 matokeo ya mahojiano na wahandisi na wahasibu wapatao 200 wa Pittsburgh. Waliona kwamba mshahara na mazingira ya kazi, vikiwa vibaya, huwaudhi watu. Vikiwa vizuri, huondoa maudhi. Kilichowapa watu hamu kilikuwa kufanikisha jambo, kutambuliwa, na kupewa dhamana. Wapo waliompinga tangu hapo, ila kwenye dirisha la dawa nimeona mengi yanayofanana na aliyoyaeleza.

Sisemi pesa si kitu. Nakataa kuiita motisha kwa sababu naijali pesa hiyo. Malipo ya zamu ni deni. Binti aliyekesha stoo akihesabu vidonge, akipanga vinavyokaribia kuisha muda vitangulie mbele, anadai jasho lake. Ukiliita deni hilo motisha, umeigeuza haki kuwa hisani. Likichelewa miezi miwili, anaona aibu kulidai, kama anayeomba zawadi. Nimemwona mtu akiacha kazi hivyo, bila kelele.

Kwa hiyo, ndugu zangu wasimamizi, tangazo lile lisomeke: "Malipo ya zamu za usiku yatalipwa wiki ijayo." Neno motisha litunzieni siku mtakapomkabidhi binti huyo leja ya stoo, mkamwachia aandae oda ya Bohari ya Dawa, na mbele ya daktari mkasema kosa la dozi lililogunduliwa jana aliligundua yeye.