Timbo Ni Lako, Shimo Pia Ni Lako

Masika yakikaribia simu za ofisini hazipoi, na malalamiko ni yale yale, timbo, yaani shimo la kuchimbia mawe, limeachwa wazi, limejaa maji, watoto wanaogelea humo na wazazi roho ziko juu. Ukimuuliza mwenyewe anakwambia mawe yamekwisha na shamba ni lake. Sawa, ni lako, ila na shimo pia ni lako.

Sheria ya mazingira ya Kenya ya 1999 inaipa NEMA, ile mamlaka ya taifa ya mazingira, uwezo wa kukuandikia amri ya kurudisha ardhi. Amri itataja shimo gani, ufanye nini na umalize lini. Kama huridhiki una siku 21 tangu ukabidhiwe hiyo barua, unaomba ibadilishwe au ifutwe, na uombe kwa maandishi, si kuja kaunta kulalamika. Ukiipuuza wanaweza kuingia na vibarua wao wafanye kazi, halafu gharama unadaiwa wewe, na kesi juu. Kwa migodi mikubwa, sheria ya madini ya 2016 inataka plani ya kurudisha ardhi kabla hata laiseni haijatoka, pamoja na dhamana ya pesa.

Na jamani, kumwaga taka shimoni si kuliziba, tumeshalisema hili mpaka tumechoka, maji ya visima vya jirani yanapita kwenye mawe hayo hayo.

Wengine wanasema pale penye jiwe tupu hapaoti kitu. Nendeni Haller Park, ile bustani ya wanyama hapo Bamburi, Mombasa. Lilikuwa timbo la mawe ya kutengenezea simiti, jiwe jeupe na maji ya chumvichumvi, na mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo wa kampuni ya simiti ya Bamburi, akaanza kujaribu miti, mingi ikafa ila mvinje ukashika, manake mizizi yake inashirikiana na vijidudu vinavyoutafutia naitrojeni. Shida ikawa majani yake, yale kama sindano, yalirundikana chini bila kuoza. Wakaletwa jongoo wale wa miguu myekundu, wakala, na kinyesi chao ndicho kikaanza kuwa udongo. Udongo ulipopatikana ndio miti mingine ikafuata, na ndege, na wanyama. Ilichukua miaka mingi.

Nyinyi hamna haja ya kuanzia kwa jongoo, kwa sababu udongo mnao, ule mweusi wa juu mnaoukwangua siku ya kwanza na kuwauzia watu wa bustani. Msiuuze. Urundikeni kando, uoteshwe nyasi usichukuliwe na mvua, na kila kipande cha timbo kikiisha mawe urudisheni hapo hapo kabla hamjahamia kingine.