Usimfundishe mhudumu wa ofisi Excel kabla hujamfundisha mashine ya fotokopi

Kuna jambo limenikaa moyoni muda mrefu na leo naomba niliseme. Mimi ni mkufunzi, kazi yangu ni kufundisha watumishi wa kada za chini za utawala hapa Tanzania, wahudumu wa ofisi, matarishi, watu wa mapokezi. Wanaletwa na waajiri wao, wengine wana miaka 15 kazini, wengine 20, na asubuhi ya siku ya kwanza huwa nawauliza mara ya mwisho ulienda kozi lini, wengi wananijibu hii ndo ya kwanza. Ya kwanza! Mtu amepokea barua za ofisi ile miaka yote, amewakaribisha wageni wa wakurugenzi wanne waliopita, anajua kila mlango na kila ufunguo, alafu hakuna siku hata moja mtu alikaa naye akamwambia mama, mashine hii inafanya kazi hivi, simu inapokelewa hivi.

Na hata tukipata nafasi ya kuwafundisha, mara nyingi tunakosea wenyewe. Ratiba inakuja siku ya kwanza utangulizi wa kompyuta, kibodi, mausi, siku ya pili Word, siku ya tatu Excel, wanajumlisha mauzo ya duka ambalo halipo, siku ya tano cheti na picha ya pamoja. Anarudi kazini hana kompyuta, wengine hawana hata meza, wiki mbili baadaye yote yamepotea, na bosi anasema si mnaona, hawa hawafundishiki. Wanafundishika sana. Sisi ndo tumewapa kitu ambacho mikono yao haikigusi.

Kwa hiyo siku hizi naanza na karatasi tupu. Kila mmoja aandike siku yake ya kazi, toka anafungua mlango mpaka anafunga, asiyependa kuandika asimulie na mwenzake aandike. Hapo ndo unaona kazi yenyewe, anapokea barua na kusaini dispachi, kile kitabu cha kupokelea barua, anapeleka masjala kule yanakotunzwa mafaili, anatoa kopi 40 za kabrasha la kikao, anapanga ukumbi na kuunganisha projekta, sekretari akitoka anapokea simu yeye, na katikati ya yote hayo kuna mwananchi kwenye korido anamuuliza, samahani dada, ofisi ya ardhi ni ipi. Ratiba ya mafunzo naitoa kwenye karatasi hizo.

Sasa mashine ya fotokopi. Naitumia siku nzima na wala sijutii, maana mambo mengi ya ofisi yanapita pale. Kukwama kwa karatasi kwanza. Wengi wamezoea kuchokoa na kisu au mkasi au kuvuta kwa nguvu kuja upande wao, na kumbe karatasi ina njia yake ndani ya mashine, unaifuata kule inakoelekea, unavuta kwa mikono miwili taratibu, usiache kipande. Ngoma iliyo ndani, ile silinda inayobeba picha ya ukurasa, inachubuka kirahisi, ukiikwaruza mara moja kila kopi itatoka na mstari mpaka ibadilishwe, na bei yake sio ya mchezo. Alafu nawaonyesha roli za moto, zile zinapata joto la kukaribia nyuzi 200 ili kuyeyusha unga wa tona ushike kwenye karatasi, ndo maana kopi inatoka na uvuguvugu. Ukishaelewa hilo unaelewa pia kwa nini tona ikimwagika mezani au kwenye nguo hufuti na maji ya moto, itagandia hapo hapo, unatumia kitambaa chenye maji ya baridi, na wala hupulizi kwa mdomo maana vumbi lile halifai kifuani.

Na rimu, ile bunda ya karatasi 500, ukiifungua na kuiacha wazi kipindi cha mvua kwa miji ya pwani kama Tanga au Mtwara inanyonya unyevu, karatasi zinashikana, mashine inavuta mbili kwa pamoja na hapo kukwama hakuishi. Mama mmoja alivyosikia hivyo alishika kichwa, akasema mwalimu, sisi tumeita fundi mara ngapi!

Lakini somo la fotokopi ambalo nalipa uzito kuliko yote ni la siri. Inua kifuniko kabla hujaondoka, orijino ya mwisho huwa inabaki kwenye kioo. Kuna ofisi moja nilifika, barua ya uhamisho ya mtumishi ilisahauliwa pale, mtu akaja kutoa kopi zake akaikuta akaipiga picha, jioni ilikuwa inazunguka WhatsApp, na mwenye barua alikuwa bado hajaipokea. Aliyeulizwa wa kwanza ni mhudumu. Hakuwa yeye aliyeipiga picha, lakini yeye ndo aliyeisahau, na hakuna aliyewahi kumfundisha.

Kopi zilizoharibika nazo zinaenda wapi? Sote tumenunua karanga au maandazi yaliyofungwa kwenye karatasi ya ofisi, unamaliza kula unasoma majina ya watu, namba zao za simu, wakati mwingine majibu ya hospitali kabisa. Watu wanachukulia kawaida ila sio kawaida. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika Mei 1, 2023, na taarifa za mtu kwenye karatasi ni taarifa kama zile za kwenye kompyuta. Kama ofisi ina mashine ya kuchana karatasi mhudumu afundishwe kuitumia, kama haina basi kuwe na boksi la kopi mbovu linalofungwa na linalochomwa mbele ya mtu anayehusika, zisiende kwenye ndoo ya takataka ya kawaida. Kwa wakubwa naongeza hili, mashine nyingi kubwa za sasa zina diski ndani inayotunza ilichokopi na kuskani, kwa hiyo kabla hamjaiuza au kuipeleka nje kwa fundi mwiteni mtu wa tehama.

Nihamie kwenye e-Ofisi, ule mfumo wa serikali wa kupitisha barua na mafaili kwa kompyuta, maana hapa wahudumu wana hofu kweli. Zamani faili lilikuwa linatembea, kutoka masjala kwenda kwa afisa, kwa mkuu wa idara, linarudi na dokezo, na aliyekuwa analitembeza ni mhudumu. Sasa serikali inaendesha mambo mengi kwa mifumo, Mamlaka ya Serikali Mtandao ambayo ilianza kama wakala mwaka 2012 na ikawa mamlaka kwa sheria ya 2019 ndo inasimamia, na kwenye taasisi nyingi faili linapita kwenye kompyuta. Mtu ananiuliza, mwalimu, sasa mimi nitabeba nini? Namwambia barua za wananchi bado zinakuja kwa karatasi. Mtu wa kijijini anaandika kwa mkono, anakuja nayo kwenye bahasha, lazima aipokee mtu na aiingize mtu, na kosa dogo mlangoni linakuwa kosa kubwa ndani.

Chukua barua ya kurasa sita. Hukutoa pini, skana ikavuta karatasi mbili kwa pamoja, mfumoni zikaingia tano. Bosi anasoma tano, anaamua kwa tano, na ule ukurasa ulioruka ndo ulikuwa na hoja yenyewe. Kwa hiyo tunafanya zoezi hadi mtu achoke, toa pini, nyoosha kona, hesabu kurasa kabla, skani, hesabu kwenye kioo, angalia nyuma kama kuna maandishi au mhuri, angalia hakuna iliyosimama kichwa chini. Nyaraka za maandishi 300 dpi, yaani kipimo cha ukali wa picha kwenye skana, zinatosha, ukipandisha sana faili linakuwa zito na mtandao wenyewe tunaujua. Alafu jina, usiliache linaitwa Scan0001, anza na mwaka, mwezi, siku, ndo ufuate na mtumaji na jambo lenyewe, yatajipanga yenyewe kwa tarehe na mtu yeyote atalipata hata wewe ukiwa likizo.

Hapa nawaomba mabosi, acheni kuwapa wahudumu na masekretari paswedi zenu. Najua mnachoka, najua vikao ni vingi, ila ukimwambia niingilie humo unipitishie hiyo, mfumo unaandika jina lako wewe, na yeye unamweka pabaya maana Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inahusika na kuingia kwenye mfumo bila ruhusa, na siku kukitokea tatizo maneno ya mdomo hayatamtetea. Darasani tunafanya mpaka igizo la namna ya kumkatalia mkubwa kwa adabu, samahani mheshimiwa, naomba nikuletee laptop upitishe mwenyewe, ni dakika moja tu. Ukiona mtu mzima anavyotetemeka kusema hiyo sentensi hata kwenye igizo utaelewa kwa nini mawasiliano sio somo la mwisho wa ratiba la kujazia muda.

Umeme niseme haraka, birika la chai lenye watt 2000 halichomekwi kwenye UPS ndogo ya kompyuta, kile kisanduku cha betri cha umeme ukikatika, wala kwenye ekstensheni moja na printa. Linachomekwa ukutani peke yake. Kikiwaka moto kifaa cha umeme usimwage maji, zima swichi kuu, tumia mtungi wa kuzimia moto wa CO2, na kama hujui upo wapi ulizia leo.

Kwenye simu za ofisi tunaanza na kitu kidogo. Haloo nani mwenzangu, hiyo ni ya nyumbani, ofisini unataja ofisi, salamu, jina lako, ndo uulize nikusaidie nini. Ukipokea ujumbe unaandika papo hapo, nani, anatoka wapi, namba yake, anataka nini, amepiga saa ngapi, usijiamini kwamba utakumbuka. Usimwambie mtu bosi ameenda hospitali au amesafiri na familia, mwambie hayupo ofisini kwa sasa na niachie ujumbe. Matapeli wanapenda sana simu ya mapokezi, anakupigia kwa sauti ya ukubwa, mimi nipo wizarani hapa, nitajie namba ya mhasibu wenu haraka, au kuna namba zimeingia kwenye simu yako nisomee. Usizisome. Kata, mwambie msimamizi wako, na ile namba iripoti kwa kutuma neno UTAPELI kwenda 15040. Nawaagiza pia kila mmoja apige *106# hapo hapo darasani aone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chake.

Mgeni naye. Mtu ametoka Sikonge kwa basi la alfajiri amefika Tabora mjini, unamjibu bosi hayupo alafu unaendelea na simu yako, hilo sio jibu. Atarudi lini, nani mwingine anaweza kumsaidia, anaweza kuacha barua ikapigwa muhuri wa kupokelewa, hayo ndo majibu. Mzee unampa shikamoo na kiti kwanza. Akija kiziwi, mwangalie yeye usoni usiongee na aliyemsindikiza, na uwe na karatasi na kalamu karibu.

Kuna mawasiliano mengine hatuyafundishi kabisa na ndo yanakula hela za ofisi, kutoa taarifa ya ubovu. Mhudumu anaogopa ataambiwa ameiharibu yeye na atakatwa mshahara, kwa hiyo mashine ikigoma ananyamaza, anaweka karatasi juu yake imeandikwa MBOVU, mwezi unapita. Mimi naweka printa mbovu katikati ya darasa, mmoja anakuwa fundi aliye kwenye simu, mwingine anaeleza. Imekufa, hiyo haimsaidii fundi. Kioo kimeandika nini, taa gani inawaka, ilianza lini, kabla ya hapo ulikuwa unafanya nini. Baada ya mara tatu nne wanaeleza vizuri kabisa, na matatizo mengi yanaisha kwa simu bila fundi kuja. Wakuu wa ofisi na nyie muwe na lugha, ukimfokea aliyekuletea taarifa kesho hutaletewa taarifa.

Mambo mawili niliyojifunza kwa kukosea. La kwanza ni macho. Nilikuwa nadhani fulani ni mzito kuelewa, kumbe ana miaka 48 na herufi za kwenye kioo haoni, akivaa miwani ya kusomea ya jirani yake anafanya vizuri kuliko wote, siku hizi kwenye barua ya mwaliko naandika kabisa njoo na miwani. La pili ni lugha, vitufe vyote vimeandikwa Kiingereza na mtu anabonyeza kwa kukariri mahali, mashine ikibadilishwa amerudi sifuri. Tunakata vikaratasi, tunaandika kwa Kiswahili, pande mbili, punguza, kuza, giza, ghairi, tunabandika. Tena wanavibandika wenyewe, na wengi wanaenda kufanya hivyo ofisini kwao.

Ukiwa afisa utawala au utumishi na umempeleka mtu wako kozi ya namna hii, wiki hiyo hiyo anaporudi mfungulie imeili ya ofisi kama hana, mpe saa moja kwa siku kwenye kompyuta yoyote iliyo wazi, na kazi ya kuskani barua zinazoingia iwe yake. Mwezi wa kwanza akae na mtu wa masjala. Akikosea kuhesabu kurasa, mrudishie azihesabu tena.